Afisa Aliyetoka Ofisini

Sisi tuliokulia Kenya kabla ya Katiba ya 2010 tulimjua afisa wa probesheni kwa jambo moja: kwamba aliyepewa kifungo cha nje alipaswa kwenda kwake kujionyesha. Mtu alifika siku aliyopangiwa, akatia sahihi, akaulizwa maswali mawili matatu, akarudi zake. Mtaani ilisemwa ameachiliwa. Huduma yenyewe haikuwa ngeni, kwani sheria yake ilitungwa 1943 na kazi ikaanza 1946, chini ya mkoloni. Hata hivyo, nikiangalia nyuma naona kwamba kilichobadilika zaidi si namna ya kumchunga mkosaji, bali ni wakati ambao afisa anaingia katika kesi. Zamani tulimwona baada ya hukumu. Siku hizi neno lake hutangulia hukumu, na naamini hapo ndipo urekebishaji unapoanzia.

Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 ilisukuma jambo hili mbele. Kabla yake, wenye vifungo vifupi walifanyishwa kazi nje ya jela kwa utaratibu uliotegemea sana wakuu wa utawala. Sheria mpya ilimruhusu hakimu kumpa kazi ya bila malipo mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3: kufyeka uwanja wa shule, kupanda miti, kusafisha zahanati. Sharti likawa kwamba kwanza afanyiwe uchunguzi. Basi afisa anakwenda nyumbani kwa mshtakiwa, anakaa na mama yake, anamuuliza naibu wa chifu, anamtafuta mwajiri, kisha anakwenda kwa aliyeibiwa au aliyepigwa. Anataka kujua nani atampokea kijana huyu, anakula wapi, ugomvi ulianzaje, na kama yupo fundi aliye tayari kumfunza kazi. Hayo huyaandika katika ripoti kwa hakimu, na hati ya mashtaka haina hata moja kati yake. Hata kwenye makosa makubwa ripoti zilihitajika: Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo kwa mauaji isiwe ya lazima, wafungwa wakarudishwa mahakamani kuhukumiwa upya, na ripoti hizi zikabeba sauti za familia za waliouawa, nyingine baada ya miaka mingi ya kutoulizwa kitu.

Wapo wanaosema huku ni kuwabembeleza wahalifu. Naelewa hasira ya aliyevunjiwa duka. Lakini amri ya probesheni ina muda, kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, na ina masharti. Anayeyavunja hurudishwa kortini na anaweza kuhukumiwa kwa kosa lile lile la mwanzo. Aliyeiba kuku akafungwa miezi mitatu hutoka bila kibarua, akiwa amelala chumba kimoja na wazoefu wa wizi, na mwenye kuku hajalipwa kitu. Pingamizi zito zaidi, kwangu, ni lile la upendeleo: je, kama kijiji kinamchukia mtu kwa sababu ya shamba au ukoo wake? Hatari hiyo ni ya kweli. Chifu mmoja mwenye kinyongo anaweza kuipaka ripoti nzima rangi yake. Ndiyo maana afisa lazima aandike nani alisema nini na kwa nini, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuijibu ripoti kabla hakimu hajaitegemea. Kuifuta ripoti kwa kuogopa hilo kungemrudisha hakimu kwenye kukisia.

Kilichobaki nyuma ni usimamizi baada ya amri kutolewa. Afisa anayesimamia watu wengi katika eneo pana, bila gari, hulazimika kuwaita ofisini badala ya kuwafuata, na sahihi inarudi kuwa kazi yenyewe. Bajeti ya probesheni ingefaa ipimwe kwa ziara za nyumbani, pamoja na ile ya kurudi kwa aliyekosewa kumweleza kama aliahidiwa fidia na kama imelipwa.