Kompyuta ya marehemu kaka

Siku tuliyomzika kaka yangu, hapa Tanga, mimi ndiye niliyesimama kabla ya jeneza kuswaliwa nikatoa tangazo ambalo kila msomaji wa ukurasa huu amewahi kulisikia: mwenye kumdai marehemu aje kwa familia, na mwenye kudaiwa na marehemu aje vilevile. Nililitoa kwa sauti iliyofika safu ya mwisho. Kisha tukaswali, tukalichukua jeneza kwa kupokezana, na njia nzima ya kwenda makaburini nilikuwa nikikumbuka jambo moja. Nilikuwa na deni lake la shilingi 600,000, lililobaki katika fedha alizonikopesha miaka minne nyuma nilipokuwa nikiezeka nyumba. Alinipa mkononi, barazani kwake, baada ya swala ya Isha. Hapakuwa na shahidi wala karatasi.

Kaka alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mauzo ya kila siku yalikuwa katika daftari la dukani, lakini madeni, yale anayodai na yale anayodaiwa, aliyaandika mwenyewe nyumbani usiku, katika kompyuta ya mezani iliyokuwa pembeni mwa sebule. Shemeji alilijua hilo, ila hakuwahi kuyaona. Katika wiki ya tatu baada ya msiba akaja muuza mbao mmoja, mtu mzima mwenye staha, akasema anamdai marehemu shilingi 1,200,000. Shemeji hakuwa na la kumjibu. Alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi za kukaa nyumbani, hawezi kutoka kwenda kutafuta fundi. Akamtuma mwanawe kwangu, kijana wa miaka 15.

"Baba mdogo, mama anakusalimu. Anasema uje uiangalie kompyuta ya baba. Haiwaki."

Nimesomesha sekondari kwa miaka mingi, na katika miaka ya mwisho nilipangiwa somo la kompyuta, basi katika ukoo wetu kila chenye waya huletwa kwangu. Nilimwambia kijana nitakuja kesho. Nilikwenda baada ya siku tatu, na sikuwa na udhuru wowote.

Niseme kidogo kuhusu neno hili "haiwaki", kwa kuwa limewagharimu watu wengi fedha. Tunalitumia kwa maradhi yasiyofanana kabisa. Ipo kompyuta ambayo ukibonyeza kitufe hakuna taa wala sauti. Hiyo uanze kuitafutia umeme: soketi, waya, swichi ndogo iliyo nyuma ya kasha ambayo watoto huizima kwa mchezo, kisha pawasaplai. Ipo ambayo feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Nyingine huonesha maandishi meupe kisha ikaganda, na nyingine hufika hadi nembo ya Windows, ikajizima na kuanza upya, tena na tena. Fundi mwema huuliza kwanza imekwama wapi. Asiyejali husema imekufa, au husema ipigwe Windows.

Ya kaka ilikuwa ya aina ya pili. Shemeji alikaa chumbani, nyuma ya pazia la mlango, nami na kijana tukawa sebuleni. Tulibonyeza kitufe, feni ikavuma, taa ya kasha ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Taa ndogo ya kioo ilikuwa ya rangi ya chungwa, maana yake kina umeme lakini hakuna picha inayokifikia. Tukakaza waya unaounganisha kasha na kioo. Hakuna kilichobadilika. Nikamwambia kijana anyamazishe redio, nasi tukasikiliza. Ndani ya kasha ulikuwa ukitoka mlio mmoja mrefu, ukikatika na kurudi.

Mlio huo si hitilafu, ni taarifa. Kompyuta inapoamka hujikagua yenyewe kabla ya kuwasha kioo, na ikikosa kitu muhimu, kwa kuwa haina pa kuandika, hulia. Milio hutofautiana kwa watengenezaji, lakini mlio mrefu unaojirudia mara nyingi huwa ni malalamiko ya ramu, zile kadi nyembamba zinazoshika kazi ya wakati huo.

"Ilikuwa wapi siku za msiba?" nikauliza.

Kijana akanieleza kwamba asubuhi ya siku ile vijana waliichomoa harakaharaka, wakaibeba hadi stoo ili mikeka ipate nafasi. Iligongwa mlangoni, na stoo ilikaa karibu mwezi mzima. Kwa sisi wa pwani, upepo wa bahari wenyewe unatosha kuweka ukungu kwenye shaba.

Tukachomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliosalia uishe, kisha tukafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi. Nilimwagiza kijana ashike kwanza chuma cha kasha, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, usiohisika hata kidogo, unaweza kuiua kadi. Kadi moja ilikuwa imekaa upande. Tukaitoa, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, tukapangusa kwa kitambaa kikavu, tukairudisha hadi vishikio vya pande zote mbili vilipofunga vyenyewe kwa mlio mdogo. Tukawasha. Kioo kikaleta maandishi.

Kijana akapiga takbira. Nyuma ya pazia shemeji akasema, "Alhamdulillah." Mimi nilisema hivyo pia, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Furaha haikudumu. Maandishi yalisema tarehe si sahihi. Kompyuta iliamini kwamba ni Januari mosi ya 2009. Tulipoiruhusu iendelee, ilifika kwenye nembo ya Windows, kioo kikawa cha buluu kwa kitambo kidogo, ikajizima, ikaanza upya. Tuliijaribu mara nne.

Asubuhi yake tukaipakia kwenye bajaji, tukaipeleka kwa fundi mjini. Kijana wa kazi pale alitazama jinsi inavyojirudia, hakufungua chochote, akasema, "Hii ya kupiga Windows tu. Elfu 25, njooni saa kumi."

Hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Nilijua vizuri maana ya maneno yale. Wengi wetu huhifadhi vitu kwenye uso wa kompyuta, pale picha ndogo zinapojipanga, na kaka alikuwa hivyohivyo. Sehemu hiyo ya diski ndiyo hiyohiyo inayokaliwa na Windows, na fundi akiisafisha ili aweke Windows mpya, vyote vinaondoka. Nimelisema hilo darasani mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi walikuwa wakinimalizia sentensi. Siku ile nilinyamaza. Nilitazama waya zilizotundikwa ukutani. Laiti madeni yale yangefutwa na mkono wa mtu mwingine, katika duka la watu, kwa ajali inayotokea kila siku, nani angeniuliza?

Aliyeuliza ni mtoto. "Na vitu vya baba vilivyomo ndani?"

"Kama hamkuvihifadhi pengine, vitafutika," akajibu yule kijana bila kuinua macho.

Mtoto akanigeukia. Ndipo nikasema, "Hapana. Msiguse Windows. Toeni diski kwanza."

Mwenye duka, mtu wa makamo aliyekuwa akitengeneza simu upande wa pili, aliposikia hivyo akaja mwenyewe. Alifungua parafujo nne, akachomoa waya mbili, moja ya umeme na moja ya kupitishia mafaili, akaitoa diski, chuma kidogo kinachotosha kiganjani. Akaisikiliza ilipoanza kuzunguka kwenye kompyuta yake. Alituambia kwamba kama ingegonga, ka, ka, ka, angeizima papo hapo, kwani kila dakika ya kuilazimisha diski inayogonga huzidi kuichana ndani. Haikugonga. Mafaili ya kaka yakafunguka yote, picha za harusi, mashairi ya kaswida aliyoyakusanya, na jedwali moja lililoandikwa "Hesabu". Tukanakili kila kitu kwenye flashi mbili.

Akarudisha diski mahali pake, akaingia kwenye bayosi, ile programu ndogo iliyo kwenye bodi kuu inayoamka kabla ya Windows. Chanzo kilikuwa betri: kitufe kile cha rangi ya fedha kiitwacho CR2032, cha volti 3, kinachoshika saa na mipangilio wakati umeme haupo. Kilikuwa kimekwisha. Ilipochomolewa siku ya msiba, mashine ilisahau tarehe, na pamoja na tarehe ikasahau jinsi ilivyopangiwa kuzungumza na diski. Windows haikuharibika, ilikuta mlango wake umebadilishwa kitasa. Akaweka betri mpya, isiyofika bei ya kilo mbili za sukari, akarudisha mpangilio ule mmoja na tarehe. Kompyuta ikawaka, na picha ya kaka na wanawe ufukweni ikajaa kwenye kioo. Kijana wake wa kazi alikuwa karibu kufuta maisha ya mtu kwa sababu ya betri.

Jioni ile tuliiwasha sebuleni. Kijana alisoma, mama yake akasikiliza nyuma ya pazia. Jedwali lilikuwa na kurasa mbili, moja ya wanaotudai na moja ya tunaowadai. Muuza mbao alikuwepo: alitoa mzigo wa shilingi 1,200,000, akalipwa 400,000, na tarehe ya malipo imeandikwa. Alipoitwa na kuoneshwa alifikiri kidogo, akashika paji la uso, akasema, "Kweli, alinitumia kwa simu. Nilisahau, Mungu anisamehe." Akachukua 800,000 zake kwa ridhaa. Katika Surat an-Nisaa mgawo wa mirathi hutajwa kuwa ni baada ya wasia na deni, na watoto wale walikuwa wamebakiwa na kidogo. Laki nne kwao ni karo.

Lakini nimeruka jambo. Wakati kijana akisoma ukurasa wa tunaowadai, nilihesabu majina kimoyomoyo nikisubiri langu. Yalikuwa 31. Alisoma hadi la mwisho, akasema, "Basi, yameisha."

Jina langu halikuwamo.

Sijui kama kaka alisahau, au hakutaka kuniweka katika safu moja na wateja. Najua tu kwamba nilikaa kimya kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, nikifikiri kwamba yeye mwenyewe amenifuta. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Surat al-Baqara, ni ile ya kuandikiana deni, na nimewasomesha watoto wa madrasa maana yake. Ikanijia pia kwamba mtoto huyu ndiye aliyeuliza pale dukani, na sasa yuko hapa anafunga jedwali.

"Usifunge," nikamwambia. Kisha nikaelekeza maneno kwenye pazia. "Shemeji, mimi nilimkopa kaka. Nilipaswa kukuambia tangu siku ya mazishi."

Hakujibu mara moja. Nilisikia akiweka tasbihi juu ya meza.

"Alikupa muda gani wa kulipa?"

"Hakunipa muda. Alisema nitakapoweza."

"Na sasa unaweza?"

"Kwa miezi mitatu, inshallah, nitakuwa nimemaliza."

"Basi mwandike," akamwambia mwanawe.

Kijana akashuka hadi mstari wa 32, akaandika jina langu kamili, kwa herufi kubwa kama baba yake alivyokuwa akiandika. Akasita, kidole kikiwa juu ya kibodi.

"Kiasi gani, baba mdogo?"

Nikamtajia. Akaandika, akahifadhi, kisha akachomeka flashi.