Injini Iliyozibwa Pua

Likizo iliyopita nilikwenda Same kulifufua gari la marehemu baba mkubwa, Datsun 240Z, lililolala bandani kwa zaidi ya miaka ishirini huku vumbi la tambarare likilifunika. Alilinunua Nairobi enzi za ujana wake, wakati gari la aina hiyo lilipokuwa gumzo la Afrika Mashariki. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1971, likashinda tena mwaka 1973, safari hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Tulimwaga petroli iliyochacha, tukabadili betri na mipira, tukaizungusha injini kwa mkono kabla ya kuthubutu kuiwasha. Siku ya tatu ikanguruma. Siku ya nne tukakuta dimbwi la oili chini yake.

Nilifanya lile ambalo wengi wetu hulifanya: nikaongeza oili. Ilipopungua, nikaongeza tena. Baadaye fundi kijana akabadili gasketi ya kifuniko cha vali na sili ya nyuma ya kranki, kazi iliyotulazimu kushusha giaboksi. Nililipa, nikashukuru, nikaanza kupanda milima ya Upare. Sikufika mbali. Oili ilikuwa inatoka palepale.

Ndipo akaitwa fundi mzee. Hakuingia uvunguni. Alifungua boneti, akachomoa vali ndogo kwenye bomba la kupumulia, akaitikisa karibu na sikio lake. Haikulia.

"Mwalimu," akaniambia, "sili mmeweka nzuri. Ila injini mmeiziba pua."

Akanieleza kwa subira. Kila injini inapofanya kazi, sehemu ya gesi hupenya kando ya pistoni na kushuka chini, kwenye oili. Vali ile huzipa gesi hizo njia ya kurudi juu zikaungue. Ikiziba, shinikizo hujikusanya ndani na kutafuta mahali dhaifu pa kutokea. Ukibadili sili bila kuizibua pua, sili mpya nayo itavuja. Sili zetu za zamani zilikuwa zimekauka kweli, lakini ukavu wao ulikuwa nusu tu ya ugonjwa.

Mji wa Same ulikwisha kuliona somo hili kabla ya gari langu kuundwa. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani, wakapiga kambi hapo makao makuu ya wilaya kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Profesa Isaria Kimambo ameiandika historia hiyo. Watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kila mtu kukadiriwa kiwango chake kwa utaratibu wasiouelewa wala kuuamini. Malalamiko yasiyopata njia yaligeuka kuwa umati uwanjani, na mwishowe kodi hiyo ikaondolewa.

Ningependa kuishia hapo, niwanyooshee kidole wakoloni na watawala wengine. Lakini mwaka jana nilikuwa mwenyekiti wa kamati iliyofuta kikao cha kila mwezi kati ya wanafunzi na uongozi. Sababu tuliyoiandika ilikuwa ufinyu wa muda. Sababu ya kweli ni kwamba vikao vilikuwa vimejaa maneno makali, nasi tulichoka kuyasikia. Malalamiko hayakufa. Yakahamia mitandaoni, kisha kwenye kuta za mabweni. Kila yalipochomoza, tulitoa waraka mpya wa nidhamu. Tulibadili sili tatu kwa muhula mmoja, na kila mara tukashangaa kuona oili sakafuni.

Mtumishi wa umma anayesoma haya analijua sanduku la maoni lenye kufuli lisilofunguliwa. Mwanaharakati anaijua barua isiyojibiwa. Mimi nilikuwa mwenye ufunguo, na ndimi niliyepaswa kujibu.

Mzee aliiosha vali kwa mafuta ya taa, akaitikisa tena. Safari hii ililia: tik, tik. Akadai ujira mdogo kuliko bei ya gasketi moja. Usiku ule nililaza kipande cha kadibodi chini ya injini, na asubuhi nikakikuta kikavu.

Niliporudi kazini, nilimwandikia katibu wa kamati barua ya mistari miwili. Nimeomba kikao cha wanafunzi kirudishwe, na kumbukumbu za kamati zioneshe kwamba aliyependekeza kukifuta nilikuwa mimi.