Ziwa Kanyaboli na Samaki Ngege

Msafiri atokaye Siaya kuelekea magharibi huteremka mpaka bonde la mto Yala, na hapo huyaona mafunjo yametanda hata jicho likachoka. Ndani ya mafunjo hayo limo Ziwa Kanyaboli. Ni ziwa dogo, la kilomita za mraba kama 10 tu, na mgeni aliyekwisha kuliona Ziwa Victoria aweza kulidharau. Lakini humo anaishi ngege, samaki ambaye katika ziwa kubwa karibu ametoweka.

Zamani ngege ndiye aliyekuwa fahari ya wavuvi wa Nyanza. Nyavu za kigeni za kutega zililetwa mwaka wa 1905, na kwa kuwa zilinasa samaki wengi kuliko mitego ya jadi, kila mvuvi alizitaka. Katika miaka ya 1927 na 1928 Bwana Michael Graham alilichunguza ziwa, akaona ngege wamekwisha kupungua, akashauri nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zikatazwe. Sheria ikawekwa, kisha baada ya miaka ikalegezwa. Katika miaka ya 1950 wakatiwa samaki wageni, miongoni mwao mbuta na nyamami. Watu wengi humlaumu mbuta peke yake, wala si haki: nyavu zilimtangulia, na nyamami naye hugombea chakula na ngege, tena huweza kuzaa naye chotara.

Kilichoiokoa Kanyaboli ni mafunjo. Maji yaliyo chini yake yana hewa haba mno, na mbuta hawezi kuyastahimili. Hivyo ziwa likawa kama boma lenye ukuta wa majani. Humo jike la ngege hulea mayai na watoto kinywani mwake, kama mababu zake.

Kumtambua si kazi nyepesi siku hizi. Nyamami ana mistari myembamba iliyosimama mkiani, na ngege hana; lakini chotara huwadanganya hata wavuvi wazee. Kwa hiyo wataalamu hukata kipande kidogo cha pezi, wakakipime ili kuijua nasaba ya samaki.

Mwaka wa 2010 Serikali ilitangaza ziwa hili kuwa hifadhi ya taifa. Hata hivyo maji hayajui mipaka ya karatasi. Mto Yala, ambao zamani ulipita katika ziwa hili, uligeuzwa njia ili kinamasi kikaushwe kwa kilimo, na kila kipande cha mafunjo kinachofyekwa ni tundu katika ukuta ule. Kuna na mabwawa ya kufugia samaki. Mtu akichimba bwawa karibu na kinamasi, akatia nyamami kwa sababu hukua upesi, hana kosa machoni pa jirani zake, kwani watoto wake wahitaji kula; lakini furiko moja latosha kuwatoa bwawani samaki hao na kuwafikisha kwa ngege.