Sikio Moja, Chaneli Mia Tano

Watu wakijua nina skana, swali lao la kwanza ni bei. Nami huwauliza: unakaa wapi, na unataka kumsikia nani? Skana ni redio ya kupokea tu. Hupita chaneli moja baada ya nyingine, na ikimkuta mtu anaongea, husimama. Ukinunua kabla ya kujua masafa ya eneo lako, unaweza kurudi nyumbani na chombo kizuri ambacho kwako ni bubu.

Hapa kaskazini mwa Texas ninakoishi, marubani huongea kwa AM, kati ya megahezi 118 na 137. Wafanyakazi wa treni za mizigo wako kwenye FM, megahezi 160 na 161. Taarifa za serikali za hali ya hewa zina chaneli saba, kuanzia 162.400 hadi 162.550. Hayo yote hunaswa na skana ndogo ya analogi kama Uniden BC125AT. Lakini polisi na zimamoto wa miji mingi wamehamia mitambo ya dijitali iitwayo P25, ambako mara nyingi kompyuta hugawa masafa upya kila mtu anapotaka kuongea. Kuwafuata hao kunataka skana ya bei ya juu mara kadhaa, na wakifunga mazungumzo kwa msimbo, hata hiyo haifui dafu. Sheria nayo ina yake: tangu 1994 skana za soko la Marekani haziruhusiwi kutengenezwa zikiwa na uwezo wa kunasa masafa ya simu za mkononi.

BC125AT ina nafasi 500 za chaneli, katika benki 10. Anayeanza huona nafasi tupu kama hasara, akazijaza zote. Kumbe sikio la skana ni moja. Ikisimama kuwasikiliza walinzi wa duka wakipanga zamu ya chakula, haimsikii mwingine yeyote. Kila chaneli unayoongeza inakula muda wa zile ulizonazo. Ndiyo maana nikikaa kuipanga, swali ninalojiuliza ni hili: niko tayari kukosa nini?

Chukua skwelchi, kidhibiti kinachonyamazisha mikwaruzo. Unaifungua mpaka mikwaruzo ijae chumba, kisha unaifunga taratibu. Pale inapokatika tu, unaacha. Ukizidisha, unapata utulivu wa kupendeza, lakini usiku wa dhoruba utamkosa mtu unayemhitaji kuliko wote. Ni mwanaredio wa ridhaa mwenye leseni, ameegesha gari kando ya barabara ya mashambani, anaripoti ukubwa wa mvua ya mawe. Watu hao wa kujitolea, chini ya mpango wa Skywarn, hueleza wanachokiona kwa macho, kwa sababu miale ya rada ikienda mbali hupita juu ya yanayotokea karibu na ardhi. Sauti yake huja imekatikakatika, nusu imezama. Mpenda kimya hampati. Aprili na Mei, tonado zinapotawala anga letu, huwa nazima marubani na treni, nabaki na wanaredio hao na chaneli ya hali ya hewa.

Mtindo huo nimeuhamishia kwenye simu. Magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya harusi, ya tuliosoma pamoja, ya Watanzania wa huku: kila moja lina mtu wa maana ndani yake. Lakini ukiyafuata yote, ujumbe wa mama kwamba dawa zimeisha utaukuta jioni, chini ya lundo la picha za kutakiana asubuhi njema. Skana ina chaneli ya kipaumbele, ambayo huikagua kila baada ya sekunde mbili hata ikiwa katikati ya maongezi mengine. Mama nimempa nafasi hiyo. Magrupu mengi nimeyanyamazisha, na wenyewe nimewaambia: likiwapo la dharura, nipigieni. Wapo walionuna, nami baadhi ya habari za furaha huzipata zimepoa.

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Ningeongeza kwamba hata mtaka machache hukosa mengi, ila yeye anajua anachokikosa, na kwa ajili ya nani.