Upepo wa Mlangoni

Njombe, Jumapili, 8 Juni 2025
Sakitu imetanda kwenye majani ya viazi, nyeupe kama chumvi. Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga, ameamka kajifunga khanga tatu, na juu yake koti langu. "Baba Neema, nyumba hii ina milango au mapazia?" Nimecheka, lakini miguu yangu yenyewe ilikuwa barafu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimepitisha mshumaa kandokando ya mlango wa chumba chake. Upande wa bawaba mwali umetulia, upande wa kitasa umeinama, chini umezimika kabisa. Uwazi wa chini: sentimita 1.5 kwa 80. Nimepiga hesabu, sentimita 120 za mraba! Ukiukusanya mahali pamoja, ngumi yangu inapita.

Fundi hana kosa. Mbao zilikuwa mbichi (mji umezungukwa na mipaini, lakini nani ana subira ya kuanika mbao?), mlango ukawa unakwama, nami nikamng'ang'aniza apige randa. Alinionya kwamba ukikauka utanywea. Umenywea.

Jumatano, 11 Juni
Fundi baiskeli kanipa tyubu kuukuu bure. Nimekata ukanda, nikaupigilia chini ya mlango kwa misumari midogo, mpira uguse sakafu. Kwenye miimo nimebandika sponji ya godoro. Mara ya kwanza ilikuwa nene mno, kitasa kikagoma, nikaichana nusu. Kisha nikafungia kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta. Palipoteleza nimeongeza sponji. Mama Neema ameshona mfuko mrefu wa khanga iliyochakaa, kaujaza maranda, wa kulaza kizingitini usiku. Nikaona nimalizie kazi: matundu ya hewa juu ya dirisha nimeyasokomeza magazeti.

Alhamisi, 12 Juni
Saa nane usiku nimepita ukumbini, tundu la ufunguo la chumba cha Mama linawaka wekundu. Jiko la mkaa! Chumba cha mkwe hakiingiliwi. Nimemwamsha mwenzangu aende yeye. Mlango umesukumwa kwa bega, maana mfuko ulikuwa umebanwa barabara, kama nilivyomwelekeza mwenyewe. Mama alikuwa macho, kichwa kinamgonga. "Lakini moshi haukuwapo," alisema. Ndiyo shida ya mkaa uliokolea: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Tumefungua dirisha, tukakaa naye barazani hadi alfajiri, tunatetemeka wote watatu.

Sikulala tena. Wiki nzima nilikuwa nawinda upepo, kumbe nilikuwa naziba pumzi ya mtu.

Jumamosi, 14 Juni
Magazeti nimeyatoa. Sponji, tyubu na mfuko vimebaki. Jiko linalala nje, na Mama analala na chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi. Kichwa kimetulia. Asubuhi kauliza kama nalitaka koti langu. Nimemwambia hapana, Mama.