Kabla ya kurekodi sauti ya bibi, tazama ncha ya waya

Watoto wengi wanaokulia Korogwe mjini wana bibi Handeni anayesimulia kwa Kizigua, nao wanamjibu kwa Kiswahili. Lugha inaweza kudumu hata mbali na nyumbani. Wazigua waliopelekwa Somalia utumwani katika karne ya 19 waliirithisha kwa mdomo, na baadhi ya wajukuu zao wamerudi, wanaishi Chogo, Handeni. Lakini mtoto asiposimuliwa, kinachobaki ni kile kilichorekodiwa.

Mama mmoja wa Korogwe aliliona hilo. Alinunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, akaenda kwa mama yake Handeni, akaibana kwenye kanga na kumwacha bibi asimulie saa nzima. Aliporudi nyumbani na kusikiliza, kuku na pikipiki walisikika vizuri kuliko bibi. Simu iliyokuwa mezani ilirekodi kwa maiki yake yenyewe.

Maiki haikuwa mbovu. Pini ya mviringo inayofaa simu ina mikanda mitatu ya plastiki, inayoigawa sehemu nne: mbili za masikio, moja ya maiki na moja ya kurudisha umeme. Maiki nyingi za kamera zina mikanda miwili tu. Pini inaingia vizuri, ila simu haiitambui. Kiunganishi kidogo cha kubadilisha pini hutatua tatizo hilo.

Umeme wa sauti unaotoka kwenye maiki ni mdogo sana, hivyo waya mwembamba hudaka kelele kwa urahisi. Ukisikia mvumo, chomoa chaja, tumia betri, na usiulaze waya huo karibu na waya wa umeme. Maiki za kanisani au ukumbini huvumilia waya mrefu kwa sababu pini yao ya matundu matatu hupitisha sauti katika nyaya mbili kinyume, na kelele iliyoingia zote mbili hujifuta mwishoni. Na usichomeke kamwe waya wa spika kutoka kwenye amplifaya kwenye tundu la maiki la simu. Umeme wake ni mkubwa na unaweza kuiunguza.

Mzazi, kabla bibi hajaanza, bonyeza kurekodi na kwaruza maiki kwa kidole. Sikiliza. Mkwaruzo ukisikika kwa nguvu, maiki inafanya kazi. Mzee huchoka, mpe dakika ishirini asubuhi, si saa nzima. Kisha hifadhi sauti hiyo kwenye simu mbili.