Mtandao Ulisumbua

Ilikuwa Jumapili usiku, Sinza. Nilikuwa sebuleni na laptopu, nahamisha akaunti za wanachama wa saccos moja kutoka seva ya zamani kwenda mpya, iliyokuwa Frankfurt. Kwenye terminali namba za wanachama zilikuwa zinapita, mstari baada ya mstari. Kisha zikasimama.

Nikabonyeza Enter. Kimya. Nikabonyeza tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo taa zinawaka. WhatsApp ilikuwa inaingiza meseji kama kawaida, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Halikunishtua. Kwetu mtu hahitaji ushahidi ili aulaumu mtandao. Nilisubiri dakika kumi, nikafunga dirisha, na kazi iliyokuwa inaendelea ndani yake ikafa. Ndivyo SSH ilivyo: ukifunga kikao, shughuli ulizoanzisha humo kwa kawaida huzimwa pia, isipokuwa uwe umezikinga mapema. Sikuwa nimezikinga.

Nilipoingia tena, baadhi ya akaunti zilikuwa zimehama na nyingine bado. Nilikesha nikizipatanisha, kukakucha sijamaliza.

Jumatatu asubuhi, bibi mmoja aliyefuata ada ya mjukuu wake aliambiwa arudi kesho.

"Mwanangu, na shule nayo itasubiri kesho?"

"Mtandao ulisumbua, mama," bosi akamjibu. "Tuvumilie."

Akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Miezi minne baadaye, mwenzangu aliyekaa kando yangu aliniuliza, "Mbona unabonyeza hivyo?" Vidole vyangu vilikuwa kwenye Ctrl na S. Kompyuta nilijifunzia kwenye Word. Vidole huhifadhi kazi hata pasipo na cha kuhifadhi. Kumbe kwenye terminali vitufe hivyo husimamisha maandishi. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za teletaipu, ili mashine inayotuma isiizidi kasi ile inayopokea. Mwenzangu akanyoosha mkono, akabonyeza Ctrl na Q. Mistari ikaendelea pale pale ilipoishia.

Nikatoka nje kununua maji. Sikuwa na kiu.

Siku hizi kazi yoyote ndefu naianzia ndani ya tmux, ili hata dirisha likifungwa yenyewe iendelee. ServerAliveInterval nimeiweka 60, kikao kikikaa kimya kisije kikasahauliwa na vifaa vya njiani, maana kuna siku mtandao una makosa kweli. Skrini ikiganda, kwanza Ctrl na Q. Ikikataa, Enter, kisha ~ na nukta, nianze upya.

Bosi bado huwasimulia wafanyakazi wapya habari za Jumatatu ile, kuwaonyesha jinsi mtandao wa nchi hii unavyoweza kumwaibisha mtu. Mara nyingi huwa nipo. Akifika kwa yule bibi, hunigeukia nithibitishe.